Mstari wa Pili

Saa moja kasorobo, Magomeni Mapipa.
Jua limetoka kama vile halijui kitu.
Mkononi nina kihesabio, kile cha kubonyeza kwa dole gumba,
na namba inapanda: mia nne na kumi, mia nne thelathini,
watu wa Kimara, watu wa Mbezi,
waliooga maji ya ndoo gizani
ili wawahi.

Simu inatetemeka mfukoni.
Ni Nsajigwa, yuko Jangwani, chini ya daraja,
penye nguzo tuliyoipaka rangi kabla ya masika:
mstari wa njano, kisha mwekundu, na juu yake
mwekundu mwingine, tuliouchora tukicheka.
"Mwantumu, mvua imepiga Kisarawe usiku kucha.
Wa njano siuoni tena."

Hapa kwetu halijadondoka tone.

Namna ya kumwambia mtu mwenye viatu vikavu
kwamba maji yako njiani, sikufundishwa.
Nilifundishwa kuhesabu.
Jukwaa hili lisizidi mia tano.
Mjamzito na mzee wapite geti la pembeni.
Yaliyobaki nilifundishwa na joto la Februari,
siku kijana mmoja alipozimia ndani ya mwendokasi
na asianguke, maana hapakuwa na pa kuangukia.
Vituo vitatu alisafiri hivyo, wima,
kama mwiko uliosahauliwa kwenye ugali.
Tulimpepea kwa daftari la mahudhurio.

Simu tena. "Mwekundu. Wa kwanza."

Kanuni inasema subirini wa pili.
Kanuni iliandikwa ghorofa ya nne,
na mto haugusishi kadi getini,
haupangi foleni, hauulizi basi lijalo ni la ngapi.
Namba yangu ilisoma mia sita na mbili.
Basi lilikuwa linakuja, taa zake nimeziona,
na baada ya hapa ni mteremko tu, hadi bondeni.

Nikafunga.

Sitayarudia waliyoniita.
Mmoja alipiga picha sare yangu, jina likaonekana.
Mmoja alisema, "Dada, mvua iko wapi? Nionyeshe mvua!"
na wenzake wakacheka, na mimi nikatazama juu
kama mtu anayeitafuta kwelikweli.
Mabasi tukayageuza, yakapitia Kinondoni hadi Salenda,
mzunguko wa saa nzima.
Mama mmoja alininyooshea kadi ya kliniki:
Muhimbili, saa mbili, figo.
Nikampa kiti changu. Sikuwa na kingine.

Saa tatu Nsajigwa akapiga, sauti imemchoka.
Maji yamepanda, yamepanda, yamebeba jokofu la mtu,
godoro, mlango mzima na kufuli lake,
kisha yakasimama.
"Yamesimama wapi?"
Akanyamaza kwanza.
"Kidole kimoja chini ya wa pili."

Kidole kimoja.
Jioni nikapewa barua: tafadhali eleza kwa maandishi
kwa nini ulifunga kituo kabla ya kiwango kilichowekwa.
Nimekaa nayo mezani, chai inapoa.
Niandike nini? Kwamba watu mia sita na mbili
walifika kazini wamechelewa, wamenuna, wazima?
Ajali isiyotokea haina shahidi,
haina hata jina la kuiita.
Na yule mama, sijui kama alimkuta daktari.
Hilo nalo lingefaa kuandikwa,
ila fomu haina nafasi yake.

Leo asubuhi, kabla ya zamu, nilipita darajani.
Tope limekauka na kupasuka vipande vipande.
Nsajigwa alikuwa amechuchumaa mbele ya nguzo,
kopo la rangi miguuni, brashi mdomoni,
anapima kwa kidole chake mwenyewe,
kile kilichovimba cha mkono wa kushoto.
Hakugeuka.
"Usiguse," aliniambia. "Wa pili bado mbichi."